Uraibu wa Vidole: Utangulizi kwa Mwanafunzi wa Meno wa Bujumbura

"Daktari, mikono yangu itafaa?" Vijana wa Bujumbura wanaotaka kusomea udaktari wa meno huniuliza swali hilo kuliko jingine lolote, na huniuliza wakiwa wamenyoosha vidole mbele yangu kana kwamba mimi ni mpiga ramli. Mmoja anahofia vidole vyake vinene. Mwingine hutetemeka kidogo akishika kalamu. Wa tatu ni mashoto, na tangu utotoni nyumbani kwao amekuwa akikaripiwa kila aliponyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani. Hawaniulizi habari za kemia wala baiolojia, kwa kuwa hayo wanaamini yanasomeka. Mkono wanaudhani ni majaliwa: umezaliwa nao au hukuzaliwa nao, basi.

Nimeandika utangulizi huu kwa ajili yao. Unahusu uwanja mdogo wa elimu, uliokaa baina ya tiba ya meno, saikolojia na ualimu, ambao swali lake kuu ni hili: mambo ayafanyayo mtu kwa vidole vyake nje ya darasa, kwa kupenda tu, yanausaidia mkono utakaokuja kushika jino la mgonjwa? Jibu langu nalitoa mapema, msomaji asije akalisubiri hadi ukurasa wa mwisho. Yanausaidia, ila si mambo yote, na si kwa namna ambayo watu wengi wanadhani.

Kwanza neno lenyewe. Vijana wanasema "hobi", lakini shuleni wengi wetu tulifundishwa "uraibu". Kamusi za zamani zinalieleza neno hili kuwa ni vitu vya kutafuna kwa kujiburudisha: tambuu, popoo, chokaa, tumbaku. Kutoka hapo maana ikapanuka, ikawa ni jambo lolote mtu alilolizoea na kulipenda. Na siku hizi watu wa afya wamelichukua kwa ajili ya watumiaji wa dawa za kulevya. Mtu wa meno hana budi kucheka. Neno letu la burudani lilianzia kinywani, tena kwa kitu kinacholifanya jino kuwa jekundu na kinachohesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani ya kinywa. Hata hivyo nitaling'ang'ania, kwa sababu limebeba jambo ambalo "hobi" hailibebi: kule kurudia bila kuamrishwa na mtu.

Sasa tutazame kazi inayoungoja mkono huo. Tabaka gumu la nje la jino, enameli, kwenye kilele cha gego lina unene wa milimita mbili na nusu hivi, na likishuka kuelekea kwenye ufizi linapungua mpaka linaisha. Chini yake ipo dentini, na ndani ya dentini kiini chenye damu na neva. Mashine ya kuchongea jino, tangu Mmarekani John Borden alipoingiza sokoni ile ya kuendeshwa kwa hewa mwaka 1957, huzunguka mara 300,000 na zaidi kwa dakika. Hakuna bega la kuizuia hiyo. Kinachoitawala ni kidole cha pete kilichoegeshwa juu ya jino la jirani, tunachokiita tegemeo. Mgonjwa akikohoa, mkono wenye tegemeo husogea pamoja na kichwa chake. Usio na tegemeo hubaki hewani, na ncha ya mashine ikaingia kwenye shavu. Halafu lipo suala la kioo. Magego ya juu daktari hayaoni moja kwa moja, huyaona ndani ya kioo kidogo alichokishika kwa mkono wa pili. Jicho linasema nenda mbele, na mkono inabidi urudi nyuma.

Kuhusu kioo hicho kipo kisa ambacho kila mwanafunzi wangu lazima akisikie. Mwaka 1953 nchini Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya. Ulimsalimia, ukatoka nje, na ukirudi anakupokea kama mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyekuwa akifanya kazi Montreal, alimpa kazi ya kuchora kwa kufuata mistari ya nyota, huku akiiona nyota hiyo na mkono wake ndani ya kioo tu. Aliyewahi kujaribu anajua jinsi kalamu inavyokataa kutii. Molaison alirudia kazi ile siku tatu. Makosa yake yalipungua siku hadi siku, na kila siku alisema kwamba hajapata kuiona kazi kama hiyo maishani mwake.

Mkono wake ulikuwa umejifunza na yeye hana habari. Ndiyo maana mwalimu anaweza kueleza habari za kioo kwa saa mbili ubaoni na mwanafunzi akatoka hajapata kitu. Elimu hii haipiti kwenye maneno. Ina mlango wake, na mlango huo hufunguliwa kwa kurudia.

Waliotutangulia walilijua hilo, wakataka kuwapima vijana kabla ya kuwapokea. Marekani, mtihani wa kuingia vyuo vya meno uliwataka watahiniwa wachonge chaki kufuata mchoro, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 sehemu hiyo ilipoondolewa na kuwekwa maswali ya kutambua maumbo kwenye karatasi. Kanada walichonga sabuni kwa miongo kadhaa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, Johnson O'Connor alikuwa ametengeneza ubao wa matundu 100, mtu anachukua pini kwa kibanio na kuzitia moja moja huku saa inahesabu. Ubao huo haukutengenezewa madaktari wa meno, lakini ulifika kwao pia. Wazo lilikuwa jepesi: atakayechonga chaki vizuri leo atachonga jino vizuri kesho. Lilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo naifahamu kwa macho yangu.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza tulipewa kila mtu kipande cha nta, tukaambiwa tutoe ndani yake gego la kwanza la juu. Nilikesha. Asubuhi mwalimu akaligeuza gego langu kiganjani mara mbili, akauliza kama nilikuwa nimechonga jino au jiwe la kusagia. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka ili nisilie. Aliyetushinda sote alikuwa mtoto wa seremala; jino lake ungeweza kumpachika mtu. Tulimwonea wivu mwaka mzima. Lakini tulipofika mwaka wa tatu, kazi zetu zikiwa zimepangwa mezani bila majina, walimu hawakuweza kuitambua ya kwake. Hakuwa amerudi nyuma hata kidogo, ni sisi tuliokuwa tumemfikia.

Hicho ndicho tafiti nyingi za uwanja huu zimekuwa zikigongana nacho. Watafiti huwauliza wanafunzi wa meno kama wanapiga ala ya muziki, wanafuma, wanachora, wanatengeneza vitu vidogo, kisha wanalinganisha majibu na alama za karakana. Mahali pengine uhusiano unaonekana, mahali pengine hauonekani kabisa, na ukionekana mara nyingi ni mdogo kuliko tunavyotarajia. Sishangai. "Napiga gitaa" inaweza kuwa jibu la mtu anayefanya mazoezi kila jioni, au la mtu mwenye gitaa ukutani. Tena wanaopenda kazi za vidole ndio wanaovutwa na udaktari wa meno tangu mwanzo, kwa hiyo unapowalinganisha wao kwa wao tofauti imekwisha kuliwa. Msomaji akikutana na makala yenye kichwa cha habari kwamba wapiga piano ni madaktari bora wa meno, aulize kwanza waliulizwa wangapi, na waliulizwa nini.

Chombo ninachokitumia mimi kuupima uraibu ni cha zamani zaidi. Mwaka 1901 Edward Thorndike na Robert Woodworth walionyesha kwamba mazoezi ya jambo moja humsaidia mtu katika jambo jingine kwa kadiri mambo hayo mawili yanavyoshiriki vijenzi vilevile. Hakuna "wepesi wa mkono" wa jumla unaonunuliwa hapa na kutumika kokote. Kuna kuegesha kidole, kupunguza nguvu, kuhisi kwa ncha ya chombo, kufuata kwa kioo, kuiacha mikono miwili ifanye kazi tofauti kwa wakati mmoja. Uliza uraibu wako una vingapi kati ya hivyo.

Twende na swali hilo mjini. Ngoma za Burundi, zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu, ni fahari yetu, na kijana anayezipiga vizuri ana mabega, pumzi na mwendo wa wakati ambao hakuna mwalimu atakayempa. Lakini kwa kazi ya milimita mbili na nusu hazimpi vidole. Ikembe ni habari nyingine: chuma ni chembamba, vidole gumba viwili vinafanya kazi zisizofanana, na ukikandamiza kupita kiasi sauti inakufa papo hapo. Igisoro, ndugu wa bao letu, hukuza hesabu na hila. Kwa vidole ni kuokota kete tu.

Ukishuka ufukweni mwa Tanganyika, wanakouzia mukeke na ndagala, utawakuta wavuvi wameketi wanashona nyavu zilizochanika. Watazame vizuri. Mkono wa kushoto unavuta wavu na kuupima kwa kijiti ili matundu yalingane, mkono wa kulia unapitisha sindano, na macho mara nyingi yako kwa mtu wanayezungumza naye. Fundo likilegea, wavu wenyewe utasema kesho usiku ziwani. Mtoto aliyekua akimsaidia baba yake kazi hiyo amekwisha kujifunza nusu ya somo la mkono wa pili, somo ambalo wanafunzi wangu wengine huhangaika nalo mwaka mzima, kwa kuwa maishani mkono wao wa kushoto ulikuwa wa kushikia daftari.

Panda Buyenzi au Bwiza, uingie kwenye saluni. Msusi anayesuka misuko midogo anagawa nywele kwa ncha ya kitana, anashika nyuzi tatu kwa vidole vya mikono yote miwili, na ameegesha viganja vyake juu ya kichwa cha mteja. Tegemeo ndilo hilo. Mteja akigeuza shingo, mikono inakwenda naye. Msusi anajua pia kadiri ya kuvuta: akivuta sana mteja atalalamika, akilegeza msuko utafumuka kabla ya Ijumaa. Hata maumivu ya mgongo na shingo wanayolalamikia wasusi jioni ndiyo yaleyale yatakayomfuata daktari wa meno asiyejua kukaa. Nimewahi kumshauri mwanafunzi aende akae saluni ya shangazi yake mwezi mmoja, naye akaniona namdhihaki kwa kuwa ni mwanamume. Sikuwa namdhihaki.

Na wapo mafundi wa kofia. Kofia ya viua, inayovaliwa na wanaume wa pwani na ambayo Buyenzi haikosi Ijumaa, ni mamia ya vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye kitambaa, kila kimoja kikazungushiwa uzi. Kila kitundu lazima kilingane na mwenzake kwa ukubwa, na kosa moja halifichiki kwa kuwa safu nzima inalisema. Kama ningeambiwa nichague uraibu mmoja tu wa kumpa mwanafunzi wa meno, ningemtafutia sindano, uzi na kofia ambayo haijashonwa.

Wazazi huniuliza pia habari za michezo ya video, wakitumaini nitaikemea. Mwaka 2007 daktari James Rosser na wenzake waliripoti kwamba madaktari wa upasuaji waliokuwa wamewahi kucheza zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37, na walimaliza kazi haraka zaidi kwa asilimia 27, katika mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera. Matokeo hayo ni ya kweli, ila tuangalie kijenzi. Upasuaji wa kamera hufanyika kwa kutazama skrini, kama mchezo wenyewe. Daktari wa meno ana kioo badala ya skrini, na zaidi ya hapo ana jambo ambalo PlayStation haina.

Kiswahili kinalijua jambo hilo. Sisi hatusikii sauti peke yake. Tunasikia maumivu, tunasikia baridi, tunasikia harufu. Daktari wa meno naye husikia kwa ncha ya chuma. Dentini iliyooza ni laini, hutoka kwa vipande chini ya kijiko cha kukwangulia. Dentini nzima hukwaruza na kukataa. Mpaka kati ya mbili hizo hauonekani vizuri kwa macho, hasa jioni, na hakuna picha ya kitabuni itakayouonyesha. Mwaka 2018 Roger Kneebone, profesa wa elimu ya upasuaji wa Imperial College London, alionya kwamba vijana wanafika vyuoni na alama za juu lakini mikono yao haijazoea kukata, kushona wala kutengeneza chochote. Wamekulia kwenye vioo vya simu. Aliyasema hayo kwa Uingereza. Kwetu simu zimefika pia, lakini bado nyumba nyingi zina mtu anayefuma, anayesuka au anayekarabati kitu.

Usikivu huo wa chuma una historia katika ukanda wetu, na inanishangaza kwamba wanafunzi wengi hawaijui. Katikati ya miaka ya 1980, katika mradi wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza kutibu meno yaliyotoboka vijijini bila umeme wala mashine. Walikwangua uozo kwa vyombo vya mkono peke yake, kisha wakaziba tundu kwa saruji ya meno. Njia hiyo ilipewa jina la ART, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangazia dunia. Saruji inayotumika zaidi katika njia hiyo, glasi-ayonoma, iliingizwa na shirika hilo mwaka 2021 katika orodha yake ya dawa muhimu. Yeyote aliyewahi kukatikiwa na umeme Bujumbura katikati ya kazi anaelewa kwa nini naitaja njia hiyo hapa. Mashine ikinyamaza, kinachobaki ni kijiko na vidole.

Narudi kwenye uraibu, maana upo ubishi ambao siwezi kuukwepa. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake, baada ya kuwachunguza wapiga fidla wa Berlin, walisema kinachomwinua mtu ni mazoezi ya makusudi, yenye lengo, yanayomgusa pale anaposhindwa na yenye kusahihishwa. Walisema pia mazoezi ya namna hiyo hayana raha nyingi. Sasa uraibu, kwa maana yake, ni raha. Msusi aliyesuka msuko uleule miaka kumi ana kasi, lakini huenda hajapiga hatua tangu mwaka wa pili. Naukubali ubishi huo nusu. Uraibu unaorudiwa vilevile huishia hapo ulipo. Unaofaa ni ule unaouongezea ugumu kidogo kila mara, uzi mwembamba zaidi, tundu dogo zaidi, mkono wa pili. Na hautunziki kabatini. Mwaka 2004 kikundi cha Bogdan Draganski kilionyesha kwamba watu waliojifunza kurusha mipira mitatu hewani na kuidaka kwa zamu, kwa miezi mitatu, sehemu za ubongo wao zilipanuka. Walipoacha kwa miezi mitatu mingine, upanukaji ule ukapungua.

Sasa niwajibu wale watatu wa mwanzo. Mwenye vidole vinene: chombo ndicho kinachoingia kinywani zaidi kuliko kidole, na mafundi saa wenye vidole vinene nimewaona. Anayetetemeka: jaribu kuandika huku kidole cha pete kimeegeshwa mezani, uone mtetemo unavyokwenda. Mashoto: karakana nyingi zimepangwa kwa ajili ya mkono wa kulia, na utachoka kuomba kiti kigeuzwe, lakini omba. Wenzako wa kulia watatumia miezi kuuamsha mkono wa pili. Wa kwako umelazimishwa kuamka tangu siku ile ya sahani.

Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, njia za kwenda kusoma kwa majirani zimekuwa nyingi. Muhimbili walianza kufundisha meno mwaka 1979, na Rwanda ilianzisha shahada yake mwaka 2013. Utakapofika huko utapewa nta, meno ya plastiki na kichwa cha bandia. Usisubiri mpaka siku hiyo. Nunua mche wa sabuni ya kufulia na kisu kidogo chenye ncha. Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti, egesha kidole cha pete, na uchonge mchemraba wenye pembe zote sawa. Si rahisi hata kidogo. Ukiuweza, chora nyota juu yake na uichonge ukiitazama kwenye kioo cha kunyolea. Fanya hivyo robo saa kila jioni. Vipande vitakavyobaki usivitupe, fulia.